Nani Alisema Yote Ni Heri? Kitabu cha Candide na Tetemeko la Lisbon



Safari hii tunaandika kwa sababu ya ugomvi. Mgao wa chakula ulipopunguzwa mara ya mwisho, uliitishwa mkutano, na mgeni mmoja akasimama akatuambia tusivunjike moyo, kwa sababu kupungua kwa mgao ni fursa ya kujifunza kujitegemea. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa kijana mpole, mwenye daftari, anayesalimia kila mtu. Mama mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Fursa ya nani, mwanangu?" Watu wakacheka, mkutano ukaendelea.

Siku zile zile, jioni, tulikuwa tunasoma kitabu cha Voltaire kinachoitwa Candide. Tulipofika kwa mwalimu Pangloss, mmoja wetu akapiga meza: "Huyu si yule mgeni wetu jamani!" Mwingine akakataa, akasema tunamwonea kijana wa watu. Tukabishana mpaka tukaambiwa tutoke, chumba kinafungwa. Kumbe ugomvi wenyewe una zaidi ya miaka 250, na walioanza kuugombania walikuwa vichwa vikubwa vya Ulaya. Tukaona tuwasimulie.

Baadhi yetu tulianza sekondari Kongo, kwa Kifaransa, na Voltaire tulimjua kama jina la kukariri: alizaliwa 1694, alikufa 1778, aliandika hiki na kile, funga daftari. Hakuna aliyetuambia kwamba anachekesha. Wenzetu waliosomea huku kwa Kiingereza hawakuwahi hata kumsikia. Kwa hiyo mmoja alisoma Kifaransa kwa sauti, mwingine akageuza kwa Kiswahili, sentensi moja moja. Kitabu ni chembamba, lakini kilituchukua jioni tano.

Tuanze na anayechekwa, maana hata yeye anastahili kusikilizwa. Gottfried Leibniz, Mjerumani aliyefariki 1716, hakuwa mjinga hata kidogo. Ndiye mmoja wa wale wawili waliovumbua kalkulasi, mwenzake akiwa Newton, na alibuni mashine ya kufanya hesabu. Mwaka 1710 alitoa kitabu kikubwa juu ya swali ambalo kila mtu hapa kambini ameshajiuliza usiku: kama Mungu ni mwema na ana uwezo wote, mabaya yametoka wapi? Jibu lake, kwa ufupi, ni hili. Kabla ya kuumba, Mungu aliona dunia zote zinazowezekana. Kwa kuwa ana hekima na wema usio na kikomo, hakuweza kuchagua isipokuwa iliyo bora kuliko zote. Basi hii tuliyomo ndiyo hiyo. Haina maana kwamba hakuna maumivu. Maana yake ni kwamba ukiondoa ubaya huu hapa, utaharibu jambo kubwa zaidi pale ambapo huoni, kama mtu anayechomoa uzi mmoja kwenye kikapu.

Waliompinga, mapadri Wajesuti wa Ufaransa, walitunga neno la kumtania mwaka 1737: optimizimu, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya kilicho bora kabisa. Hapa tusichanganye. Siku hizi neno hilo tunalitumia kwa mtu mwenye matumaini, anayesema kesho itakuwa nzuri. Kwao halikuwa hivyo. Lilikuwa linasema leo tayari ni nzuri kadiri inavyowezekana. Ukilitafakari vizuri, linakukata hata matumaini, kwa sababu kama hii ndiyo dunia bora, unategemea nini kingine? Mshairi wa Uingereza, Alexander Pope, naye alitoa shairi refu miaka ya 1733 na 1734 lenye mawazo ya karibu na hayo, likasomwa Ulaya nzima. Watu wenye kula vizuri walilipenda sana. Voltaire mwenyewe alilisifu zamani zile.

Halafu ikaja asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755.

Lisbon ni mji mkuu wa Ureno. Watu wa pwani ya huku wana habari nao kwa njia yao, kwa sababu ndiko Vasco da Gama alikotoka na meli zake mwaka 1497, na mwaka uliofuata akatokea Mombasa na Malindi. Tarehe hiyo ilikuwa sikukuu ya Watakatifu Wote. Makanisa yalijaa, mishumaa imewashwa. Kabla ya saa nne asubuhi ardhi ikatetemeka kwa dakika kadhaa. Makanisa yakawaangukia waliokuwa wanasali. Wengi walionusurika wakakimbilia mtoni, kwenye uwazi, mahali ambapo hakuna ukuta wa kuanguka. Maji yakarudi nyuma, kisha yakaja kama ukuta na kuwachukua. Mishumaa na majiko yakawasha moto uliowaka kwa siku kadhaa. Waliokufa walikuwa makumi ya maelfu. Tetemeko hilo hilo liliua watu Morocco pia, ng'ambo ya bahari, lakini vitabu vya Ulaya huwa vinalipita hilo haraka.

Kuna jambo dogo lilitugusa. Mfalme wa Ureno, José, aliokoka kwa sababu alikuwa nje ya mji. Tangu siku hiyo aliogopa kulala chini ya jengo la mawe. Akaishi kwenye mahema, baadaye akajengewa jumba la mbao juu ya kilima. Mfalme mzima, mwenye dhahabu ya Brazil, alilala hemani! Tulipolisoma hilo, mdogo wetu mmoja aliuliza kama naye alisimama foleni ya maji.

Maelezo yakaanza kumiminika. Padri Malagrida, Mjesuti wa pale pale Lisbon, aliandika kwamba tetemeko ni adhabu ya Mungu kwa dhambi za mji na kwamba ni kosa kusema limetokana na maumbile. Wahubiri Waprotestanti wa nchi nyingine nao wakasema ni adhabu kweli, ila dhambi yenyewe ni Ukatoliki. Kila mmoja alikuwa na maelezo, na katika kila maelezo mkosaji alikuwa mtu mwingine. Waziri mkuu wa baadaye, ambaye historia inamjua kama Pombal, alishughulika na kuzika maiti, kulisha watu na kuweka miti ya kunyongea waporaji. Pia alituma orodha ya maswali kwenye parokia zote: mtetemeko ulichukua muda gani, maji yalipanda kiasi gani, wamekufa wangapi? Sisi tunaofanya kazi ya kujitolea tunajua fomu zinavyochosha, lakini hiyo moja tunaiheshimu, kwa sababu haikuuliza nani ametenda dhambi.

Habari zilimfikia Voltaire akiwa Geneva. Alikuwa na miaka 61. Hapa inabidi tueleze kidogo maisha yake, maana yanatuhusu. Ujanani alifungwa gereza la Bastille kwa sababu ya mashairi ya kuwadhihaki wakubwa. Baadaye akalazimika kwenda Uingereza. Alikaa kwa mfalme wa Prussia, wakagombana, akaondoka vibaya na kuzuiliwa njiani huko Frankfurt mwaka 1753. Mfalme wa Ufaransa hakutaka arudi Paris. Mwishowe alinunua shamba Ferney, upande wa Ufaransa lakini karibu kabisa na mpaka wa Geneva, ili wakija wa upande mmoja akimbilie upande wa pili. Mtu anayechagua nyumba kwa kupima umbali wa mpaka! Sisemi alikuwa mkimbizi kama sisi, hapana. Alikuwa tajiri wa kutisha, mwenye watumishi na magari ya farasi. Lakini hesabu ile ya mpaka aliijua.

Kwanza aliandika shairi juu ya Lisbon, likatoka 1756, shairi la kulia na kuuliza. Rousseau, mwandishi mwenzake aliyekuwa maskini na mgonjwa, akamjibu kwa barua ndefu ya tarehe 18 Agosti mwaka huo. Barua hiyo ilituchukua jioni nyingine nzima. Anasema usimlaumu Mungu wala maumbile kwa yote. Watu wenyewe ndio waliojenga maghorofa yaliyobanana. Wangekuwa wametawanyika wengi wangepona. Na wapo waliokufa kwa sababu walirudi ndani, mmoja kuchukua nguo, mwingine karatasi zake, mwingine pesa. Hapo kwenye karatasi tulinyamaza. Kati yetu yupo ambaye kaka yake alirudi nyumbani kuchukua vyeti vya shule.

Rousseau akamwambia Voltaire pia kwamba ni ajabu: wewe una kila kitu na unalalamika, mimi sina kitu na bado naamini. Imani ndiyo inayonifariji, mbona unataka kuninyang'anya? Hili ni swali zito. Wengi wetu tusingefika hapa bila sala. Voltaire alijibu kwa barua fupi ya heshima, akasema anauguza mgonjwa na yeye mwenyewe haumwi kidogo, mjadala uahirishwe. Miaka michache baadaye Rousseau alidai kwamba jibu la kweli la barua yake lilikuwa Candide.

Kitabu hicho kilitoka mwanzoni mwa 1759, vita ya Miaka Saba ikiwa imepamba moto. Hakikuwa na jina la Voltaire. Kilidai kimetafsiriwa kutoka Kijerumani cha daktari mmoja anayeitwa Ralph, ambaye hakuwahi kuwepo. Wakubwa wa Geneva na wa Paris wakakipiga marufuku, lakini wauza vitabu walishakisambaza miji kadhaa kwa wakati mmoja, na ndani ya mwaka huo huo kilichapwa zaidi ya mara kumi. Voltaire akawa anaandikia marafiki kwamba hajui ni mpuuzi gani aliyeandika upuuzi kama huo.

Hadithi yenyewe ni ya kijana mwema, Candide, anayelelewa kwenye kasri la kabaila wa Westphalia. Mwalimu wake Pangloss anafundisha kwamba kila kitu kimewekwa kwa kusudi jema, kwa mfano pua zimeumbwa ili zibebe miwani. Candide anambusu binti wa kabaila, Cunégonde, na anafukuzwa kwa teke. Anashikwa na kuingizwa jeshini kwa nguvu. Anaona majeshi mawili yakichoma vijiji, kila upande ukimshukuru Mungu kwa ushindi. Anatoroka kwa miguu hadi Uholanzi, njaa inamuuma, anamwomba mkate mtu aliyetoka kuhubiri saa nzima juu ya kusaidia maskini. Mhubiri kwanza anataka kujua msimamo wake kuhusu Papa. Candide anasema suala hilo hajalisikia, lakini mkate hana. Anafukuzwa, na mke wa mhubiri anammwagia uchafu kutoka dirishani. Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, msikasirike, tulicheka sana.

Anayemsaidia ni Jacques, mtu wa dhehebu dogo lililokuwa linadharauliwa, Waanabaptisti. Hamuulizi kitu. Anampeleka nyumbani, anamwogesha, anampa mkate, bia na kazi. Baadaye wanasafiri pamoja, meli inapigwa na dhoruba mbele ya Lisbon, na Jacques anazama kwa sababu alimwokoa baharia mwovu aliyekuwa amempiga. Candide anataka kujitupa majini amfuate. Pangloss anamzuia, akimthibitishia kwa hoja kwamba bandari ile iliumbwa makusudi ili Jacques azame ndani yake.

Wanafika nchi kavu, na ardhi inaanza kutetemeka.

Hapa ndipo kitabu kilipotushika koo. Candide amelala barabarani, mawe yamemwangukia, kifusi kimemfunika. Anamwomba mwalimu wake amtafutie divai na mafuta kidogo, maana anakufa. Pangloss anaanza kueleza. Tetemeko si jambo jipya, anasema, mji wa Lima kule Amerika ulipata kama hili. (Ni kweli, Lima iliharibiwa 1746.) Sababu zile zile, matokeo yale yale, lazima chini ya ardhi kuna mkondo wa kiberiti kutoka Lima mpaka Lisbon. Candide anakubali kwamba inawezekana sana, ila kwa ajili ya Mungu, mafuta na divai. Pangloss anakasirika kusikia "inawezekana". Anasema ni jambo lililothibitishwa. Candide anazimia.

Tuliisoma sehemu hii mara tatu. Voltaire hajibu hata hoja moja ya Leibniz. Msomi wa falsafa anaweza kulalamika, na ana haki: Pangloss si Leibniz, ni katuni yake, na Leibniz wa kweli hakuwahi kusema habari za pua na miwani. Lakini tashtiti, yaani maandishi ya kumcheka mtu ili kosa lake lionekane, haifanyi kazi ya kujibu hoja. Inachukua maneno yaliyotungwa kwenye chumba chenye moto na kiti kizuri, inayapeleka hadi kwenye kifusi, na kumlazimisha mwenye maneno ayaseme pale, mbele ya aliyefukiwa. Maneno ni yale yale. Kumbe yanasikika tofauti. Na tuligundua kitu kingine: maelezo ya Pangloss hayana kosa kubwa kwa kuwa maelezo. Ubaya ni kwamba yanachukua nafasi ya mafuta. Anapoeleza, mikono yake haifanyi kitu, na yeye anajiona ameshasaidia.

Hilo ndilo lililomfanya mwenzetu apige meza, na tangu hapo hata yule aliyemtetea mgeni alilegeza kidogo. Alisema sawa, lakini mgeni si ndiye aliyepunguza mgao. Kweli. Na Pangloss siye aliyetikisa ardhi.

Safari ni ndefu, hatutaisimulia yote: Buenos Aires, Paraguay, nchi ya dhahabu ambayo watu wake hawajali dhahabu. Sehemu moja hatuwezi kuiruka. Huko Suriname, koloni la Waholanzi, Candide anamkuta mtu mweusi amelala njiani, hana mkono wa kulia wala mguu wa kushoto. Ni mtumwa wa kiwanda cha sukari. Kinu kikishika kidole, wanakata mkono. Mtu akijaribu kutoroka, wanakata mguu. Yeye yamempata yote mawili. Anaeleza kwa utulivu kwamba hiyo ndiyo bei ya sukari inayoliwa Ulaya. Hapo Candide, aliyevumilia viboko, vita na tetemeko, ndipo anapomlilia Pangloss kwamba sasa anaiacha optimizimu yake.

Tunafikiri haikuwa bahati mbaya kwamba ni hapo. Ukisema ubaya wa sehemu unajenga uzuri wa jumla, basi sukari ndiyo mfano wako kamili: wazimu wa sehemu moja ya dunia, utamu wa sehemu nyingine. Tetemeko halina mwenye faida. Sukari ina mwenye faida, na ana kikombe mkononi. Lakini tuseme ukweli wote. Voltaire huyo huyo aliandika kwingine maneno ya dharau juu ya watu weusi na juu ya Wayahudi. Ukurasa mmoja mzuri haufuti mingine. Tuliusoma ukurasa huo tukiwa tunajua.

Mwishoni wote wanakusanyika kwenye shamba dogo karibu na Konstantinopoli, Uturuki ya leo: Candide, Cunégonde aliyeharibika sura, Pangloss aliyenyongwa vibaya akapona, bi kizee mmoja aliyepitia mabaya kuliko wote. Wameokoka, na sasa wamechoka kwa kukaa. Bi kizee anauliza lipi baya zaidi, yale yote yaliyowapata au kukaa hapa bila la kufanya. Tuliposoma swali hilo, kuna watu waliangalia chini. Wengine kati yetu tuna miaka kumi na zaidi hapa.

Jibu linatoka kwa mzee jirani, mkulima, mwenye shamba la ekari ishirini analolima na watoto wake. Candide anaamua kwamba nao wana bustani ya kulima. Kila mmoja anachukua kazi yake, hata Cunégonde anakuwa mwoka keki hodari. Pangloss bado anaendelea kuthibitisha kwamba yote yalikuwa mnyororo wa heri.

Hapa ugomvi ulirudi upya. Kaka mmoja alisema mwisho huu ni wa watu wenye ardhi. Candide alilinunua shamba kwa almasi zilizobaki za nchi ya dhahabu. Sisi kulima nje ya mpaka wa kambi haturuhusiwi. Dada anayepanda lengalenga kwenye magunia mbele ya nyumba akasema yeye hakusubiri almasi. Kaka akamuuliza magunia mangapi yanalisha watu saba. Dada hakukasirika, alisema hayalishi, yanaongeza tu.

Halafu yule mwenzetu wa kupiga meza akasema kitu ambacho hatukuwa tumekiona. Kauli ya bustani Candide anaisema mwenyewe, kwa ajili yake na wenzake, baada ya yote. Hakuna mtu wa nje aliyekuja kuwaambia limeni bustani, ni fursa. Akiisema mgeni kwa mwenye njaa, hata hiyo inageuka kuwa ya Pangloss.

Mmoja wetu alimsimulia hadithi yote mama yake, yule yule aliyeuliza swali mkutanoni. Alisikiliza huku anachambua maharage, akacheka kwenye pua na miwani, akasikitika kwa Jacques. Mwisho akauliza jambo moja tu: "Na yale mafuta, mwalimu aliyaleta?"

Tulirudi kwenye kitabu kuangalia. Hapana. Mtoto alipozimia, alimletea maji kidogo kutoka kwenye chemchemi iliyokuwa jirani.